Nauli ya Dada

Mjomba wangu alikuwa na basi moja, na kwa jinsi alivyolitunza ungedhani ni mke wa pili. Bodi yake ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi ya kijani, na kila siku lilitoka Tanga mjini kwenda Horohoro na kurudi jioni, isipokuwa masika yakizidi. Nyuma tu ya dereva palikuwa na benchi fupi lenye mto wa sufi. Utingo hakumruhusu mtu kulikalia. Abiria mgeni akijaribu, aliambiwa, "Hapo pa dada," naye akahama bila kuuliza dada yupi.

Dada mwenyewe alikuwa mama yangu. Wazazi wao walikufa mjomba akiwa bado anatambaa, mama akamlea kwa uji na makofi, na mpaka alipokuwa na ndevu aliendelea kumwita mwanangu. Mjomba alipopata wazo la kununua gari, tajiri wa kumkopesha alitaka kwanza kuona chochote mkononi mwake. Mama akavua vipuli vyake vya dhahabu, vile alivyoachiwa na bibi, akavifunga kwenye pindo la leso na kumpa. Sikumwona akivaa vipuli vingine maisha yake yote.

Tulikaa Chumbageni, mimi na mama, tangu baba alipofariki. Mama alikuwa mchora piko na hina. Nasema mchora, lakini neno hilo ni dogo. Alikuwa na kijiti cha ukuti alichokichonga mwenyewe kwa wembe, chembamba hivi kwamba ukikiangusha mkekani hukioni tena, na kwa kijiti hicho aliweza kumpandia bibi harusi maua kuanzia kucha mpaka kiwiko bila mstari mmoja kukutana na mwenzake mahali asipotaka. Akichora hakuongea. Bibi harusi akitikisika, mama alisema neno moja tu, "Nitakuchora kunguru," na msichana akatulia. Waliompenda walimwita fundi, na waliomwogopa walimwita fundi vilevile. Mkono wake wa kulia ndio uliotulisha, ukanivisha, na ukanisomesha mpaka nilipofika.

Mjomba hakumtoza mama nauli hata siku moja. Wala hakunitoza mimi, wala shangazi zangu, wala binamu wa binamu aliyekuja kujitambulisha akiwa ameshapanda. Kwetu lilikuwa jambo lisilozungumzwa. Mwanamume amtoze dada yake nauli kwenye gari lake mwenyewe? Angesemwa Tanga nzima, na habari ingemtangulia Horohoro kabla basi lake halijafika.

Sasa lazima niseme habari za bima, na nitazisema kwa ufupi kwa sababu zinanichefua. Bima ya gari ilikuwa lazima. Askari wa barabarani alikuwa akiidai karatasi yake hata kabla ya salamu. Lakini sheria ilimdai mwenye gari kima cha chini tu, yaani akimgonga mtu njiani bima imlipe, na akimuumiza abiria wa nauli bima imlipe. Aliyepanda bure hakuwamo. Mwenye gari aliyetaka kumwingiza na huyo angeweza, akiongeza ada. Sikumsikia mmoja wa njia ile aliyeongeza.

Siku moja serikali ikawaita wenye magari kwenye ukumbi mmoja pale Usagara, hapo hapo mjini. Ofisa wa Kizungu aliwaeleza, kupitia mfasiri, kuwa kuna wazo la kukipandisha kile kima cha chini, ili kila aliye ndani ya gari awe na bima, awe amelipa au hakulipa, na akataka kusikia maoni yao. Mimi sikuwapo. Wanawake hatukuitwa, ingawa nusu ya waliokaa ndani ya magari hayo tulikuwa sisi. Niliyasikia usiku ule nyumbani kwetu, mjomba alipokuja kula na kusimulia, huku akisimama kila mara kuonyesha alivyosimama.

"Nikawaambia, waheshimiwa, mwataka tulipie bima mpaka ndugu zetu? Nduguyangu hata nikimvunja shingo hatanidai mie. Bima ya nini?"

"Wakasemaje?" mama akauliza.

"Wakapiga makofi! Hata yule Mzungu kacheka, alipofasiriwa."

Mama alicheka mpaka akaweka tonge chini. Akamwambia, "Umesema kweli, mwanangu. Nikudai weye?" Na kesho yake kutwa nzima aliyarudia maneno yale mtaani, kisimani, na mbele ya bibi harusi aliyekuwa akimpaka hina, kama mtu anayeonyesha kitambaa kipya. Nduguyangu hata akinivunja shingo. Alikuwa akiona fahari, na kwa kweli hata mimi niliona fahari. Wazo la serikali likalala, kwa kuwa wenye magari wote walilikataa.

Masika ya mwaka ule mama aliitwa kumpamba bibi harusi katika kijiji kimoja cha Wadigo, njia ya Horohoro. Mimi nilikwenda naye. Tuliketi kwenye benchi letu, yeye dirishani, mimi nimepakata bakuli la piko nimelifunika kwa jani la mgomba. Tulipopita Amboni mvua ilikuwa imekatika, lakini ule udongo ulikuwa umeshalainika. Penye mashamba ya mkonge barabara ilikuwa na mteremko mdogo, wa kawaida kabisa, ambao tulikuwa tumeshaupita mara nyingi tukisinzia. Basi likateleza ubavuubavu, taratibu, na mjomba alikuwa akizungusha usukani na kumwita Mtume. Halafu likalala chini kwa upande wetu.

Sikuumia. Nilimwagikiwa na piko mwili mzima, na watu walioniona mweusi vile walidhani nimekufa. Mama alikuwa ameshika fremu ya dirisha, na gogo la bodi lilikuwa limeuangukia mkono wake kwenye kifundo. Aliyekuja kulinyanyua alikuwa kibarua wa mkonge, mtu wa bara, Mkatoliki mwenye rozari shingoni, aliyekuwa ameketi nyuma yetu. Alilinyanyua kwa bega moja, kwa sababu mfupa wa bega la pili ulikuwa umevunjika, na wala hakutuambia mpaka mama alipotoka. Wengine walichubuka tu. Mjomba alikaa kwenye matope, akaushika mkono wa mama na kuubusu. Mama akamwambia aache upuuzi, akalitafute kwanza bakuli.

Hospitali walimfunga plasta. Daktari alituambia waziwazi, kupitia mfasiri, kwamba mifupa ya kifundo ilikuwa imesagika na hapa Tanga ataiunganisha kwa kadiri awezavyo. Ila Nairobi yuko bingwa wa mikono, na mama akipelekwa mapema, vidole vitapata kushika tena kitu chembamba. Akichelewa, mfupa utaunga ulivyokaa, na basi. Safari hiyo na matibabu hayo havikuwa vya watu kama sisi. Lakini mjomba hakushtuka. Alisema bima itamlipa, ndiyo kazi yake. Wallahi ninaamini hata yeye, katika mshtuko wa siku zile, alikuwa amesahau alichokisema Usagara.

Bwana wa bima alikuja nyumbani wakati mjomba yuko Amboni akisimamia kulinyanyua basi. Alikuwa kijana wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa mjini, mwenye adabu. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Akampa pole, akamwuliza habari za ajali, akaandika. Kisha akauliza, "Nauli ulimlipa utingo hapa mjini, mama, au ulikuwa ukalipe mkifika?"

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu aumie. "Nauli? Weye mtoto wa hapa hapa, wauliza hivyo? Gari la nduguyangu lile. Nimemlea mie. Atanitozaje?"

Kijana akaacha kuandika. Akatazama karatasi, akatazama plasta, akasema polepole, "Labda ulimpa chochote, mama. Hata kidogo. Kumbuka vizuri."

"Hata senti moja. Na siku akiitaka nitamchapa."

Wanawake waliokuja kumjulia hali wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Kijana hakucheka. Alimsomea aliyoyaandika, mama akasema ndivyo, akatia dole gumba la mkono wa kushoto kwa kuwa la kulia lilikuwa ndani ya plasta. Alipokuwa akivaa viatu nilimwona amekunja uso. Nilidhani viatu vinambana.

Nimemfikiria kijana yule miaka mingi. Alimfungulia mama mlango mara mbili, wazi kabisa, na mama akaufunga kwa mapenzi. Sikuwahi kumchukia. Niliowachukia ni wale waliokaa mahali fulani wakaandika kwamba mtu anayepanda gari la ndugu yake mfupa wake si mfupa, na wale waliopiga makofi Usagara. Na mjomba wangu nilimchukia kwa muda, ingawa nilikuwa nampenda.

Jibu lilipokuja, mjomba alilileta mwenyewe. Abiria wa nauli watalipwa. Mama hakuwa abiria wa nauli. Alilisema akiwa amesimama mlangoni, hataki kuingia.

"Dada, ungesema umelipa."

"Kwani nililipa?"

"Hukulipa."

"Basi je?"

Akapiga magoti. Akamwomba waende pamoja ofisini kwa watu wa bima, aseme alichanganyikiwa kwa maumivu, aseme alilipa. Kibarua wa mkonge alikuwa ameshakubali kushuhudia kwamba aliona. Na kweli siku ya pili mtu yule alifika kwetu, bega limefungwa, amebeba mkungu mdogo wa ndizi. Yeye alikuwa wa nauli na alijua atalipwa, na jambo hilo lilimkera kuliko bega.

"Mama, nitasema nilikuona ukitoa," alisema. "Mimi nilikuwa nyuma yako. Nani atabisha?"

Mama alimshukuru sana. Akamwambia, "Lakini baba, weye utaapa kwa kitabu chako na mie kwa changu, na sote wawili tutakuwa twasema uongo. Nao ni uongo wa kumtia nduguyangu aibu, kwamba nilimlea akanitoza. Hapana. Chukua mkeka ukae, ule chakula."

Nilitoka nje nikaupiga ukuta wa jikoni. Nilitaka kumtikisa mama mpaka meno yagongane. Uongo gani? Ukiniuliza mimi, nauli ya basi lile alikuwa ameilipa kabla halijanunuliwa, kwa dhahabu ya masikioni mwake, na nauli ya kwenda Horohoro na kurudi mpaka kufa kwake ilikuwa bado haijaisha. Lakini hakuna karatasi yenye mahali pa kuandika jambo kama hilo, na kijana wa bima hakuulizwa maoni yake.

Mjomba hakuwa na cha kumpeleka mama Nairobi. Bima ya kima cha chini haikulitengeneza basi pia. Alikopa tena kwa tajiri yule yule ili lirudi barabarani, maana bila basi tungekufa njaa sote, yeye na wanawe na sisi. Akaahidi mwezi ujao. Akaahidi baada ya Ramadhani. Plasta ilipofunguliwa mkono ulikuwa umepinda kuelekea nje, na vidole vimekaa nusu, havifungi wala havifunguki. Mama aliomba kijiti chake. Nilikiweka katikati ya vidole vyake, kikaanguka. Nikakiokota, nikakiweka tena, kikaanguka. Mara ya tatu aliniambia nikirudishe kwenye kikasha. Hakulia. Alisema kiko kichafu, kinahitaji kuchongwa.

Tangu hapo aliishi kwa kuuza bizari na iliki kibarazani, na hakuwa mzuri wa biashara hata kidogo. Aligombana na wateja. Wasichana aliokuwa amewafundisha walianza kuitwa wao, nao kwa heshima walikuja kumwuliza ua hili lachorwaje, naye aliwaeleza kwa mdomo, akawakemea wakikosea. Wakiondoka alikaa ameuweka mkono mbovu juu ya ule mzima, akiutazama.

Basi liliporudi barabarani, lile benchi la mbele lilikuwa limerudishwa bila mto. Na mjomba akaanza kutoza nauli kila mtu. Shangazi zangu walilia, wakatukana, wakaapa hawatampandia tena, wakampandia kwa kuwa hakukuwa na jingine la saa ile. Mama alichofanya yeye ni kutopanda kabisa. Alisema hana safari.

Serikali iliwaita tena wenye magari, kwa wazo lile lile la kukipandisha kima cha chini. Mjomba hakuja kutusimulia. Niliambiwa na mchumba wangu, aliyepata habari kwa kaka yake mwenye lori. Mjomba alisimama akasema anataka sheria iwalazimishe, yeye wa kwanza, kwa sababu wasipolazimishwa hawataongeza ada, kama yeye mwenyewe ambavyo hakuongeza. Wakamzomea. Mmoja akamkumbusha, "Si weye uliyesema nduguyo hatakudai?" Akajibu, "Ndimi. Na hakunidai," akakaa. Maoni yalikuwa kama ya mara ya kwanza. Baadaye sana nilisikia kwamba mambo yalibadilika, lakini wakati huo nilikuwa na wajukuu, na sikufuatilia.

Harusi yangu ilikuwa kiangazi kilichofuata. Tangu nikiwa mdogo mama alikuwa akinishika mkono na kuupima kwa macho, akisema huu nimeuwekea ua langu ambalo sijamchorea mtu. Nilichorwa na mwanafunzi wake. Mama alikaa pembeni akaelekeza, kushoto kidogo, usikaze, liache lipumue. Lilipokuwa limebaki jani moja tu kiganjani alimwomba msichana kile kijiti, akakishika kwa mkono wa kushoto, akalichora yeye. Jani likatoka nene, limeinama upande. Alitaka kulifuta. Nikakikunja kiganja.

Fungate, tuliyoikaa kwetu kwa desturi, ilipokwisha nilipaswa kupelekwa kwa mume wangu, kijijini Moa, na njia ni ile ile ya Horohoro. Basi la mjomba lilikuja Chumbageni limepambwa makuti. Ukoo mzima ulikuwa umejipanga, vigelegele, ngoma, masinia ya chakula kichwani, na mama katikati na kanga mpya. Mjomba alishuka, akasimama kwenye ngazi ya mlango, akasema, "Nauli."

Watu wakacheka. Wakadhani ni utani wa harusi.

"Sicheki," akasema. "Kila mtu alipe nauli yake. Bibi harusi naye."

Ngoma ikanyamaza. Shangazi yangu mkubwa akamwuliza kama amerogwa. Mwingine akasema ni laana kumtoza mwali, na yule mwenye lori, shemeji yangu, akataka kuleta suluhu. "Waandikie tiketi tu, mzee. Pesa ya nini? Nani atajua?"

"Wataulizwa," mjomba akasema. "Likianguka, wataulizwa kama wamelipa. Nataka atakayeulizwa aseme kweli."

Wengi hawakuelewa, na walioelewa walitazama chini. Nilimtazama mama kupitia ushungi wangu. Alifungua pindo la kanga kwa meno, kwa kuwa vidole vya kulia havikuweza, akaenda mpaka kwenye ngazi. Kwetu mtu hampi mwenzake kitu kwa mkono wa kushoto, hata mtoto hachukui hivyo pipi, atachapwa. Mama akaunyoosha wa kushoto.

"Niwie radhi, mwanangu," akasema. "Nakupa kwa kushoto. Hii yangu, na hii ya mwali."

Mjomba alipokea kwa mikono miwili. Hakuweza kuinua uso. Wengine wakaanza kufungua vibindo vyao nyuma ya mama, mmoja mmoja.

"Na tiketi yangu," mama akasema.

Akampa. Mama akapanda, akaketi kwenye benchi lake lisilo na mto, karibu na dirisha lile lile, akanivuta nikae. Siku mkono ulipovunjika hakulia, wala siku ya jibu la bima, wala siku kijiti kilipoanguka. Alilia siku ile, kutoka Chumbageni mpaka tulipoupita ule mteremko wa Amboni, ameikaza tiketi katika mkono wake wa kushoto.